Jua la Julai na Taa za Desemba

Wanaokuja Winterhaven usiku wa Desemba wanaona mwanga tu. Wanatembea katikati ya barabara na watoto kwenye vigari, wanapiga picha, wanarudi makwao wamefurahi. Mtaa huu wa Tucson, Arizona, umekuwa ukiwasha taa za Krismasi tangu 1949. Mimi ni fundi ninayepanda ngazi kuzifunga, na kila mwaka wenye nyumba huniuliza kwa nini zinakufa. Jibu langu hawalipendi.

Wanadhani ni mvua au baridi. Mvua gani? Huku ni jangwani, na mchana wa Desemba nafanya kazi na shati jepesi. Taa zinakufa Juni na Julai, wakati hakuna anayezikumbuka. Jua linapika plastiki ya waya mpaka inapauka na kukakamaa. Hata zilizofungiwa kwenye kibanda cha bati uani hazisalimiki: nje kivulini joto limepita nyuzi 40, sasa fikiria ndani ya bati. Novemba ukikunjua uzi huo, holda za balbu zinapasuka mkononi kama maganda ya mayai.

Kuna mzee mmoja aliacha taa zake ukingoni mwa paa mwaka mzima ili asilipe tena kazi ya kufunga. Aliponiita, nusu ilikuwa imezimika. Nilishika balbu ya kwanza niizungushe, holda yote ikabaki kiganjani, shaba nje, imegusana na chuma cha ukingo wa paa. Nilizima breka kabla sijasema neno. Yeye alisisitiza kwamba mwaka jana ziliwaka. Kweli ziliwaka. Waya uliochakaa unaweza kuwaka vizuri mpaka usiku ule mtoto anaposhika kile chuma.

Halafu kuna nyasi, na hapa ndipo wageni wasipojua kabisa. Nyasi za kiangazi hukauka zikawa njano baridi ikianza, kwa hiyo Oktoba watu hupanda mbegu za nyasi nyingine ili uwanja uwe kijani wakati wa sherehe. Nyasi hizo changa zinataka maji, na vinyunyizio vimetegwa kwa saa. Viungo vya ekstensheni vimelala humohumo kwenye majani. Maji yakiingia kidogo tu, soketi ya nje yenye kinga inajikata, kama inavyotakiwa, na mapambo yote ya nje yanaingia gizani huku barabara imejaa watu. Simu yangu inalia.

Mwenye nyumba hukimbilia tepu. Anazungushia kiungo tepu nyeusi tabaka kwa tabaka, maji yanaingia vilevile, tena sasa hayana pa kutokea. Dawa yake ni kukiinua kiungo juu ya tofali, mdomo ukiangalia chini, na kuhamishia umwagiliaji asubuhi. Ni kazi ya dakika chache, lakini lazima ifanywe kwenye kila kiungo, na uwanja mmoja unaweza kuwa na viungo vingi kuliko vyumba vya nyumba yenyewe.

Uzi wa zamani wa balbu ndogo nao una tabia yake. Balbu 50 zimepangwa mfululizo zinagawana volti 120. Moja ikilegea kwenye holda, zote zinazimika. Moja ikiungua, mara nyingi umeme unaendelea kupita ndani yake na zilizobaki zinawaka, lakini kila moja sasa inabeba zaidi ya sehemu yake. Ukiacha tatu nne zilizoungua bila kubadilisha, nyingine zinafuata haraka. Taa za LED zimepunguza mzigo huo sana. Jua halijali ni za aina gani.

Ninalosikitikia zaidi ni misonobari ya Aleppo. Ndiyo inayoubeba mtaa huu: mirefu, mizee, ukiwa chini yake unasahau uko jangwani. Kila mmoja una makovu ya waya. Mtu alizungushia taa shinani akakaza, akaziacha miaka, mti ukanenepa, gome likaumeza waya. Nimekata vipande vilivyozama kiasi kwamba ncha mbili tu zilikuwa nje. Ongeza ukame, na dhoruba za Julai na Agosti zinazovunja matawi. Mti wa namna ile ukianguka, aliyeupanda hayupo, na atakayepanda mwingine hatauona ukifika urefu ule.

Ninayefanya naye kazi ni Mkongo wa Uvira, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa Tucson. Kwake sherehe hii ya taa ni zaidi ya kazi. Kuingia ni bure, lakini wageni huombwa walete chakula kwa ajili ya benki ya chakula, inayowagawia wenye shida. Majira yake ya kwanza ya baridi hapa, kaka huyu alilisha wanawe kwa makopo ya maharage ya benki hiyohiyo. Ndiyo maana nyumba ikizimika saa 3 usiku hakubali tuiache mpaka kesho. Nyumba za giza zikiwa nyingi, anasema, watu wataacha kuja, na makopo nayo yataacha kuja.

Kwa hiyo nawaambia wenye nyumba: niiteni Januari. Novemba simu hazipumui, Januari nakaa bila kazi. Nipeni wiki mbili za mwanzo wa mwaka nishushe taa taratibu, nipime kila uzi, nitupe uliokakamaa, nilegeze zilizobana miti. Kisha ziwekeni kabatini ndani ya nyumba, mahali penye kiyoyozi. Malipo ya kuzishusha ni madogo kuliko ya kununua upya.