Umenikubalia Nini?

Juzi nilimsaidia mama kujiandikisha katika huduma moja ya simu. Kitufe cha “Nakubali” kilikuwa kikubwa, cha kijani. Neno la kukataa lilififia chini yake. Nikabonyeza. Mama akauliza, “Umenikubalia nini, mwanangu?” Sikuwa na jibu, mimi nihimizaye wanafunzi wasitie saini karatasi wasiyoisoma.

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini sheria haitushiki kidole. Aliyezipanga rangi zile alitaka niharakishe. Ridhaa ipatikanayo kwa hila si ridhaa. Hata hivyo, aliyebonyeza ni mimi.

Jioni tulisoma pamoja, mstari kwa mstari. Mama alifuta ruhusa mbili: namba za jamaa zake na mahali alipo.