Kijana wa Kuze na Shahada ya Hisabati

Mtaa wa Kuze umo katika Mji wa Kale wa Mombasa, mahali penye vichochoro vyembamba, nyumba zilizosongamana, na mabaraza ya mawe ambapo wazee hukaa jioni wakinywa kahawa chungu. Watu wa mji huu hesabu si jambo geni kwao. Kwa karne nyingi majahazi yalitia nanga katika bandari ya zamani yakitoka Arabuni na Bara Hindi. Manahodha walipima nyota ili wajue wako wapi baharini, na wafanya biashara walihesabu frasila na pishi. Hata maneno ya kuhesabia, kama sita, saba, tisa, ishirini na sifuri, yaliingia katika Kiswahili kwa mlango huo wa bahari.

Hata hivyo, kijana mmoja wa mtaa huo alipopita vizuri mtihani wa kidato cha nne, akapata nafasi ya kusoma hisabati katika chuo kikuu kwa miaka 4, nyumba nzima ilitaharuki. Baba yake alikuwa mwuza leso. Aliisoma ile barua mara mbili, akavua miwani, akasema:

"Mwanangu, hesabu za duka nilikufundisha mimi mwenyewe kabla hujaota meno ya pili. Leo waniambia utakwenda kukaa miaka 4 ukisoma jambo unalolijua? Anayesoma uganga huitwa daktari, na anayesoma sheria huitwa wakili. Wewe utaitwa nani?"

Kijana akainama, asijibu. Mama yake, aliyekuwa akikanda unga wa mahamri, alisema neno moja tu: "Mwache mtoto asome, bwana." Baba akanyamaza, lakini kunyamaza kwake hakukuwa kukubali.

Si vibaya msomaji akumbuke jinsi nafasi kama hiyo ilivyokuwa adimu zamani. Miaka ya 1950, mtu wa pwani aliyetaka shahada alifunga safari hadi Makerere, Uganda, na shahada yenyewe ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Mombasa palikuwa na Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, iliyoanza kufundisha ufundi mwaka 1951. Taasisi hiyo ikageuka kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwaka huo huo Chuo cha Pwani, kilichoko Kilifi, nacho kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili. Kwa hiyo elimu ambayo babu aliifuata ng'ambo ya ziwa, mjukuu aweza kuifuata na jioni akarudi nyumbani kwao kula.

Basi kijana akaanza masomo. Alidhani atapewa hesabu zile zile za shule, ila ndefu zaidi na ngumu zaidi. Lakini alikuta mambo mengine kabisa. Katika shule ya sekondari, mwanafunzi huulizwa, "Jibu ni ngapi?" Katika chuo kikuu huulizwa, "Wajuaje kuwa ni kweli?" Swali hili la pili ndilo shina la shahada yote. Mtu atasoma hesabu za vitu vinavyobadilika, aljebra, takwimu, na kanuni za bahati na uwezekano. Lakini katika kila somo atatakiwa kutoa uthibitisho, yaani hoja iliyopangwa hatua kwa hatua, hata msikilizaji asipate mahali pa kuikataa.

Mtihani wake wa kwanza ulihusu namba tasa. Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5, 7 na 11. Mgiriki Euclid, aliyeishi yapata miaka 300 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba namba hizo hazina mwisho. Hoja yake ni fupi. Chukua namba tasa zote unazozijua, uzizidishe pamoja, kisha uongeze 1. Namba mpya utakayoipata, ukiigawanya kwa yoyote katika zile ulizochukua, itabaki 1. Kwa hiyo, ama hiyo namba mpya ni tasa yenyewe, ama yagawanyika kwa namba tasa nyingine usiyokuwa nayo. Kwa njia yo yote, lazima iko namba tasa zaidi ya zile za kwanza.

Kijana aliandika kwa haraka kwamba namba hiyo mpya siku zote huwa tasa, akaleta mifano mitano: 2 ukiongeza 1 ni 3, 2 mara 3 ukiongeza 1 ni 7, na kwa kuendelea hivyo akapata 31, 211 na 2,311. Zote ni tasa kweli. Alitoka katika chumba cha mtihani akiwa na furaha. Karatasi iliporudi, alikuwa ameanguka, na kando ya jibu lake mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Jaribu mara ya sita." Akajaribu. Alizidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, akapata 30,030. Akaongeza 1, ikawa 30,031. Alihangaika nayo nusu ya usiku. Mwishowe akaona kuwa 59 mara 509 ni 30,031. Namba haikuwa tasa. Mashahidi watano walisema kweli, na wa sita akaivunja kesi.

Mtu asiyepata kuanguka hajui uchungu wake. Kijana huyu tangu utoto alisifiwa mtaani kwa hesabu, na sasa aliona haya kupita barazani. Wakati huo huo baba alipata habari ya kazi ya ukarani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Akamwambia mwanawe, "Watataka jibu Ijumaa. Mshahara si mkubwa, lakini ni mshahara. Mimi sikulazimishi." Kijana akaona mlango umefunguka wa kutokea bila aibu. Alhamisi alikuwa amekwisha kata shauri kuacha masomo.

Alasiri hiyo alikwenda kumwaga ami yake, mzee aliyesomesha chuoni kwa muda mrefu. Na kwa wazee wa Mombasa, chuo ni mahali pa kusomea Kurani. Mzee alimsikiliza hata mwisho, kisha akasema:

"Kabla hujaenda Kilindini, nifanyie hesabu moja. Mtu amekufa, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Gawa mali yake."

"Mke apata thumuni, ami," kijana akajibu. "Mabinti wapata thuluthi mbili. Baba sudusi, na mama sudusi."

"Ziweke katika 24."

Akaandika: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Akajumlisha, akapata 27. Akajumlisha tena, ikawa 27 ile ile. Mafungu yamekuwa mengi kuliko mali!

Mzee akacheka. Suala hilo ni maarufu sana katika elimu ya mirathi. Husimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa akiwa juu ya mimbari, naye akajibu papo hapo kuwa thumuni ya mke imekuwa sehemu ya tisa. Maana yake, mali hugawanywa kwa 27 badala ya 24. Wanazuoni huiita njia hiyo auli.

"Je, ni haki?" mzee akauliza.

Kijana akachukua mali ya shilingi 540,000. Kwa 27, mke akapata 60,000, mabinti wote wawili 320,000, baba 80,000 na mama 80,000. Pesa zikaisha sawasawa. "Ni haki, ami. Kila mmoja amepunguziwa kwa kipimo kimoja."

"Hiyo ni mali ya mtu mmoja," mzee akasema. "Mimi nimeona warithi wakigombania shamba, na wengine nyumba, na wengine chombo. Utakwenda kwa kila mmoja na kalamu yako? Nionyeshe kuwa ni haki kwa wote, hata wale ambao hawajafa bado."

Hapo kijana akanyamaza, kwa kuwa alitambua sauti ya mwalimu wake wa chuo kikuu katika kinywa cha ami yake. Mfano mmoja hautoshi. Na mitano haitoshi. Akaikunja ile karatasi, akaanza upya kwa herufi badala ya tarakimu. Mali iwe kiasi cho chote. Aliyestahili mafungu kadha katika 24, sasa atapata mafungu yale yale katika 27. Basi kila mrithi, mkubwa kwa mdogo, hupata sehemu 8 katika 9 za haki yake ya kwanza, wala hapana anayepunguziwa zaidi ya mwenziwe. Ikiwa ni shamba au nyumba au chombo, hoja ni ile ile. Hakuwa na haja tena ya kuwahesabu marehemu.

Baadaye alisoma kwamba al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha karne ya 9 ndicho kilicholeta jina la aljebra, aliweka ndani yake sehemu kubwa ya masuala ya mirathi. Elimu aliyoiona kuwa ya kigeni ilikuwa imekaa miaka yote katika nyumba ya ami yake.

Ijumaa, baada ya sala, alimwambia baba yake kwamba hatakwenda Kilindini. Baba akamtazama, akauliza, "Sababu?" Kijana akamweleza habari ya 24 na 27 tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka hatua. Mzee yule mwuza leso, aliyekuwa amewahi kuona ndugu wakikosana kwa ajili ya nyumba ya urithi, alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, akasema tu, "Haya. Rudi ukasome."

Alirudi, akaufanya tena ule mtihani, akapita. Hakuwa wa kwanza katika darasa, wala shahada yake haikuwa ya daraja la juu kabisa. Kazi nayo haikuja mara moja: wenzake wengine waliingia katika benki, wengine katika bima, na wengine katika kazi za kompyuta, naye alikaa karibu mwaka mzima akisaidia dukani kabla hajapata nafasi ya kufundisha katika shule ya sekondari. Mzazi anayetaka mwanawe asome hisabati ni vizuri ayajue haya mapema, asije akadhani shahada ni hundi ya kupelekwa benki siku ya pili.

Lakini faida aliyoipata haikupimwa kwa mshahara peke yake. Alizoea kutokubali jambo kwa sababu limesemwa kwa sauti kubwa, au kwa sababu limekuwa kweli mara tano. Katika mji wenye maneno mengi barazani, hiyo si faida ndogo. Wanafunzi wake humwogopa kidogo kwa swali lake moja, "Wajuaje?"

Siku moja dada yake mdogo alisema kwamba yeye pia ataka kusoma hisabati. Watu wa nyumbani wakamgeukia baba, wakingojea maneno yale ya zamani. Baba akakunja leso aliyokuwa ameishika, akaiweka juu ya rafu, akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ikiwa yuko tayari kuinama, aende."