Nyumba Yako Wataiitaje?



Tangu niweke hapa zile picha za familia yetu tukiwa kwenye Magofu ya Gede, nimepokea ujumbe mwingi. Wengi mmefurahi, mkasema watoto wamekua. Lakini wachache, na nawashukuru kwa kuniandikia waziwazi, mmeuliza: "Pasta, mbona umewapeleka watoto kwa mizimu?" Mmoja akataka kujua kama tuliomba kabla ya kuingia nyumbani jioni ile. Tuliomba, ndugu yangu, kama tunavyoomba tukitoka sokoni.

Naelewa hofu hiyo inatoka wapi. Sisi wa pwani hii tumekua tukiambiwa kwamba Gede kuna walinzi wasioonekana, na kwamba mtu akiokota hata kigae akaenda nacho nyumbani, hatalala. Sitawacheka wazee walioyasema hayo. Huenda ndiyo maana vigae vingine bado vipo. Lakini soma Nehemia sura ya 2. Alipofika Yerusalemu aliamka usiku akazunguka zile kuta zilizobomoka, akazitazama moja baada ya nyingine, kimya kimya. Hakukemea mawe. Alitazama kwanza, ndipo akajua la kufanya. Na waliolala pale Gede walikuwa watu wenye wake na watoto kama sisi. Walijenga misikiti yao, wakazika wapendwa wao kwa heshima. Jirani yangu Mwislamu hupita kwenye kaburi la mama yangu kwa adabu, nami nitapita kwenye makaburi ya wazee wake kwa adabu. Hilo tuliache hapo.

Sasa nikwambie tulichokiona, maana hakijanitoka moyoni tangu Desemba.

Kwa ambaye hajafika: kutoka kwetu Ngomeni unapanda bodaboda hadi Gongoni, kisha matatu ya Malindi, unapita Mambrui na daraja la Sabaki, halafu matatu ya kuelekea Kilifi, unashuka Gede. Ukitoka alfajiri, saa tano uko chini ya mibuyu. Watu hupanda ndege kwenda Guatemala na Mexico kutazama miji ya Wamaya, kama Tikal, mji mkubwa ulioachwa ukamezwa na msitu, na ukame ukitajwa miongoni mwa sababu. Sisi tuna mji wetu uliomezwa na msitu, hapa hapa kaunti ya Kilifi. Mwezi Julai 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Na bado wapo watu wa Gongoni, watu wazima wenye wajukuu, ambao huiona Gede kwenye kibao cha barabarani tu wakienda Mombasa.

Mji wenyewe ulianza karibu karne ya 12, ukanawiri kati ya karne ya 14 na ya 16, na kufikia karne ya 17 ulikuwa umeachwa kabisa. Kuta ni za matumbawe na chokaa. Kuna msikiti mkuu, kuna jumba la kifalme, kuna makaburi ya mnara, kuna visima. Kuna vyoo ndani ya nyumba, mpendwa, vyoo vya miaka 500 iliyopita! Mama watoto alisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nami nikajifanya naangalia kima juu ya miti, maana nilijua anawaza choo chetu kilicho nyuma ya mwembe.

Kwa nini waliondoka? Wataalamu wanataja mambo kadhaa: uvamizi wa Wazimba mwishoni mwa karne ya 16, Wareno kuhamishia nguvu zao Mombasa kutoka Malindi, Waoromo waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini, na maji. Kisima cha karibu na msikiti mkuu kilichimbwa kikazidishwa kina, kwa sababu maji yalikuwa yakishuka. Mwanangu wa pili alichungulia akasema, "Baba, hawa walichota mpaka yakaisha." Pengine. Lakini kisima si ndicho nilichorudi nacho nyumbani.

Nilirudi na majina ya nyumba. Mwingereza James Kirkman alipoanza kufukua pale mwaka 1948, alikuta nyumba baada ya nyumba zisizo na mwenyewe. Basi kila nyumba ikaitwa kwa kitu kilichokutwa ndani yake. Ipo Nyumba ya Mkasi. Ipo Nyumba ya Taa ya Chuma. Ipo Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe za Ndovu, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Ipo moja inayoitwa kwa jahazi, kwa sababu mtu alichora jahazi kwa kukwaruza kwenye lipu. Kifungua mimba wetu, ambaye ana miaka 10 na huuliza kama wakili, alimwambia kijana aliyetuongoza, "Mbona hawakuziita kwa majina ya wenyewe?"

Yule kijana akajibu, "Kwa sababu hakuna anayeyajua."

Hebu kaa na jibu hilo kidogo. Mama aliyekuwa akiushika ule mkasi alizaa hapo. Alikata kitambaa cha mtoto hapo. Mtoto alipiga hatua ya kwanza kwenye sakafu ile ile, na pengine nyumba nzima ilishangilia. Mkasi umebaki. Jina la mama halipo, jina la mtoto halipo, na siku ya hatua ile haijulikani.

Watoto waliligeuza kuwa mchezo wa njia nzima ya kurudi. Nyumba yetu itaitwaje? Nyumba ya Sufuria Nyeusi. Nyumba ya Chaja. Ya mwenyekiti wa vijana wakaiita Nyumba ya Spika, na mwenyewe anasoma hapa, anajua sababu. Tulicheka mpaka Mambrui. Lakini nakuuliza wewe unayesoma: mtu akiingia kwako leo usipokuwepo, ataona nini kinachomwambia kwamba hapa walikulia watoto?

Kuna kaburi moja pale Gede lenye tarehe. Mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 kwa hesabu yetu. Kati ya mawe yote yale, hilo ndilo lililozungumza waziwazi, kwa sababu siku moja mtu mwenye huzuni alisimamia lipu ikiwa mbichi, akahakikisha mwaka umeandikwa.

Sisi nyumbani tuna Biblia yangu ya zamani ya chuo, ile iliyochakaa jalada. Kurasa zake tupu za mwanzo zimejaa mwandiko wa mama watoto. Si mambo makubwa. Kitinda mimba alizaliwa Juni 2023, barabara ya Gongoni ikiwa matope na madau yamepandishwa pwani kwa sababu ya kusi. Agosti akawekwa wakfu kanisani, akalia sala nzima. Julai 2024, kusi likivuma tena, akaachia kiti akatembea hatua tatu. Mwezi wa Novemba wa pili aling'oka jino la kwanza ndani ya embe, likanasa kwenye nyuzi, akalimeza au hakulimeza, hatukuafikiana, na imeandikwa hivyo hivyo. Desemba, kaskazi ilipotulia na bahari kuwa kama ziwa, kifungua mimba akatoka na mjomba wake kwenye dau kwa mara ya kwanza, akarudi na changu wawili na maringo ya mwezi mzima. Na kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kuna mistari ya penseli, kila mwaka mara mbili: kusi likianza, na kaskazi ikianza.

Labda unasema, "Pasta, hayo ni mambo ya kizungu." Hapana. Ni mambo ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6, ambapo Bwana alitaka maneno yake yaandikwe kwenye miimo ya milango, mahali mtoto anapita kila siku. Ni mambo ya Yoshua sura ya 4, mawe 12 yaliyotolewa Yordani yakasimamishwa Gilgali, ili watoto waulize na wazazi wawe na la kujibu. Angalia mpango wa Mungu ulivyo: jiwe peke yake halisemi. Jiwe linamfanya mtoto aulize. Anayesema ni mzazi, na mzazi lazima awepo.

Na hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu najua ninyi mnaosoma hapa mko wapi. Wengine mko Ngomeni, Timboni, Marereni. Lakini wengi mko Riyadh, mko Jeddah, mko Doha, mnasoma usiku mabosi wakilala, na watoto wenu wako hapa kwa bibi zao. Mkisikia pasta anazungumza juu ya hatua ya kwanza na jino la kwanza, moyo unachanika. Sikuandika haya niwachane. Niliwaza juu yenu tangu pale kwenye Nyumba ya Mkasi.

Kuna dada mmoja wetu ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Aliondoka kwenda Saudia mwanawe akiwa na miezi tisa. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, ukawa mitatu. Alilipa deni la baba yake, akaezeka mabati nyumba ya mama yake, na mtu asimdharau kwa hilo. Aliporudi, alikuja na sanduku zima la nguo na viatu vya mtoto. Akafungua mbele ya watu, tukiwa tumekuja kumshukuru Mungu pamoja naye. Kiatu hakikuingia. Shati halikupita mabegani. Alikuwa amenunua kidogo kidogo, kila mwezi wa mshahara, kwa kukisia, na moyoni mwake mtoto hakuwa amekua kwa haraka hiyo. Mtoto mwenyewe alijificha nyuma ya bibi yake, akamwita shangazi. Yule dada alikunja nguo moja moja akazirudisha sandukuni, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala.

Sikiliza sasa, wewe uliye mbali. Mama wa hali yako yumo katika Biblia. Anaitwa Hana. Tunapenda kumhubiri Hana wa sura ya 1, yule aliyelia mpaka Eli akadhani amelewa. Lakini fungua 1 Samweli sura ya 2, mstari wa 19. Samweli amekwisha kuachishwa ziwa, anakaa Shilo, analelewa hekaluni na mzee ambaye wanawe wa kuwazaa walimshinda. Hana yuko nyumbani, mbali. Anamwona mwanawe mara moja kwa mwaka, wakienda kutoa dhabihu. Na kila mwaka alikuja na kanzu ndogo aliyomshonea.

Biblia haituambii alipata wapi kipimo. Lakini ameshona mwaka huu, ameshona mwaka ujao, na mtoto anaongezeka. Nguo ya mwaka jana haiwezi kuwa kipimo cha mwaka huu. Mimi nadhani kila alipofika Shilo alimsimamisha yule mtoto, akampima kwa viganja, kutoka shingo hadi kisigino, bega hadi bega, akarudi nyumbani na hesabu hiyo kichwani. Kisha akaongeza kidogo, kwa imani. Hakuwa pale jino lilipong'oka. Lakini urefu wa mkono wa mwanawe aliujua. Samweli akiwa mtu mzima, nabii wa taifa, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba mama yake alimtupa kwa Eli. Alikuwa na kanzu.

Kwa hiyo dada yangu, ndugu yangu, ukipiga simu Ijumaa usiulize tu "Mtoto hajambo? Pesa imefika?" Uliza kimo. Uliza mguu. Uliza ni embe gani anapenda, anamwogopa mbwa wa nani, amefundishwa wimbo gani Sunday school. Andika, hata kwenye karatasi ya biskuti. Na ninyi bibi, shangazi na akina baba mliobaki na watoto, msingoje kuulizwa. Mnapokea pesa kila mwezi, nanyi tumeni kipimo.

Jioni ile tulipofika nyumbani, watoto walikimbia pwani, na kule baharini ile mitambo ya Waitaliano ya San Marco ilikuwa imesimama kama kawaida, miguu yake ya chuma ikiwa majini. Wa pili akauliza, "Na hii nayo ni magofu?" Nikamwambia kwamba tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, hapo ndipo iliporushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, na kwamba roketi ya mwisho ilirushwa mwaka 1988. Akauliza nani alikuwepo akaona. Nikamtajia wazee watatu wa kijiji. Mmoja tumemzika mwaka huo huo. Wawili wapo, na kesho yake watoto walikwenda kuwauliza, wakarudi na hadithi mbili zisizopatana hata kidogo. Zote mbili zimo kwenye Biblia ya chuo.

Sasa tangazo, kisha niwaache. Jumapili hii baada ya ibada, mwimo wa mlango wa kanisa, ule wa upande wa bahari, utakuwa umepakwa rangi nyeupe. Mama mmoja wa kikundi cha ushonaji atakuja na tepu yake. Leteni watoto wote, wa kanisa letu na wa majirani, wavue viatu, wapimwe kimo na mguu, na jina na tarehe viandikwe. Tutaanza na watoto ambao wazazi wao wako ng'ambo. Ambaye mwanawe hana wa kumleta, niandikie usiku huu, nitampitia mwenyewe kwa bodaboda. Picha zitatumwa kabla ya saa tisa, ili ziwafikie kabla hamjaanza kazi za jioni.