Majuma Mawili Tusiyoyagusa

Hapa Goma, kupumzika halikuwa jambo la kuchagua. Mapumziko yalikuja yenyewe, na mara nyingi yalikuja na kishindo. Nilipojiunga na kundi letu la wakimbiaji, mji ulikuwa umeshasimamishwa na volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Ulisimamishwa tena Novemba 2012, waasi wa M23 walipouteka kwa siku kadhaa. Kwa hiyo siku ambayo barabara ilikuwa wazi na bunduki zimenyamaza ilikuwa siku ya kukimbia. Aliyebaki kitandani alionekana anachezea bahati.

Ndiyo maana mazoezi yetu ya marathoni yalikuwa na kanuni moja tu: kuongeza. Tulikutana Katindo alfajiri, tukashika barabara ya Sake, tukapita Ndosho mpaka Mugunga, na wenye pumzi wakaendelea mbele. Kadiri shindano lilivyokaribia, ndivyo tulivyozidisha. Juma la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Tuliamini pumzi huvuja: ukikaa siku tatu, imekwisha. Wengine walifika kwenye mstari wa kuanzia wakiwa wamechoka tayari, na kilomita ya 30 ikawamaliza. Tukasema ni kukosa mazoezi, tukaongeza tena.

Mji wenyewe haukutusaidia kufikiri vingine. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na nje ya barabara chache za lami unakanyaga mawe meusi ya volkano yenye ncha, yanayokula soli na kutegua vifundo vya miguu. Viatu vyetu ni vya mitumba, vya kutafutwa kwa subira Birere. Kuna pia mazuku, mabonde yenye hewa mbaya. Upande wa Lac Vert na Bulengo hatukati vichochoro kabla jua halijapanda, kwa sababu kaboni dayoksidi inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na usiku usipokuwa na upepo hulala kwenye mabonde. Mbuzi na kuku hukutwa wamekufa humo asubuhi. Mtu anayehema kwa nguvu hana biashara ya kushuka huko. Katika mji wa namna hii, kukimbia kwenyewe ni ushindi, na hakuna anayependa kupunguza ushindi wake.

Mwaka 2016 mambo yalichangamka. Makorobondo Salukombo, mzaliwa wa Kirotshe, ng'ambo ya Sake, aliikimbilia Kongo marathoni ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, na Beatrice Kamuchanga akakimbia mita 5,000 kwenye michezo hiyohiyo. Vijana wa kwetu waliacha kuuliza marathoni ni ya nini. Wakaanza kuuliza inafanyiwaje mazoezi. Hapo ndipo Muzee, kocha wetu, alipoanza kusema habari ya kupunguza mazoezi kabla ya shindano, nasi tukamsikiliza kwa heshima na kuendelea na yetu.

Kilichotubadilisha hakikuwa hotuba. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima ulipasuka tena. Lava ilisimama ukingoni mwa mji, karibu na Buhene. Tarehe 27, kwa hofu kwamba lava ingetokea chini ya mji wenyewe au chini ya ziwa, serikali iliamuru sehemu kubwa ya Goma ihamwe. Wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi, wengine wakapanda boti za Bukavu. Sisi tulifuata ileile barabara yetu ya mazoezi, safari hii tukitembea, na magodoro kichwani, kisha tukaenda kwa ndugu Minova. Huko hakuna aliyekimbia. Tulikaa, tukasikiliza redio, tukala viazi na samaki sambaza tulivyogawiwa.

Mwezi Juni tuliporuhusiwa kurudi, kundi lilikutana tena Katindo likiwa na watu wachache. Tulitegemea kuburura miguu. Kumbe ilikuwa myepesi. Mwendo ambao Aprili ulitutoa jasho la damu ulikuja bila kuombwa, na mpaka Ndosho tulikuwa tunatazamana kama watu walioficha siri. Hakuna anayeweza kusema volkano ni kocha mzuri: watu walipoteza nyumba, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao katika msongamano ule. Lakini miguu ilikuwa imesema yale ambayo Muzee alishindwa kutuaminisha.

Alitueleza upya, na safari hii tulinyamaza. Kila mbio ndefu huumiza misuli kidogo na kukausha sukari iliyohifadhiwa ndani yake. Nguvu haijengwi barabarani. Hujengwa baadaye, unapolala na kula. Mbio kubwa ya leo huchukua siku kumi au zaidi kulipa, kwa hiyo unachokimbia juma la mwisho hakikupi chochote siku ya shindano, kinakupunguzia tu. Mwaka 2007 mtafiti Laurent Bosquet na wenzake walilinganisha tafiti nyingi za waogeleaji, waendesha baiskeli na wakimbiaji, wakaona kinachofaa zaidi ni majuma mawili hivi ya kupunguza umbali kwa asilimia 41 hadi 60, bila kupunguza kasi. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaacha mbio za kasi, kisha wanashangaa mwili umelala.

Siku moja alituonyesha mtu wa chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, akishuka kutoka Kibumba. Mzigo wake ulikuwa makabichi na gunia la makaa lililomzidi kimo. Goti moja lilikuwa juu ya kipande cha ndala kilichopigiliwa misumari ubaoni, na mguu mwingine ulikuwa tayari kukanyaga kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, ndiyo breki yake. Hakuwa akisukuma. "Kazi ya kupandisha ameimaliza jana," Muzee alisema. "Sasa anashika usukani tu. Akianza kusukuma hapa, makabichi yote yako barabarani."

Mei 2022 tulifuata kupunguza huko kwa mara ya kwanza sawasawa, tukilenga marathoni ya amani ya Kigali, inayokimbiwa tangu 2005. Sikujua kwamba kupunguza ni kugumu kuliko kuongeza. Mwili unaopumzika huanza kusingizia: goti ambalo halijawahi kuuma likauma ngazini, koo likawasha, usingizi ukakataa kuja. Njaa ilikuwa ileile ya zamani ilhali kilomita zilikuwa nusu. Mama mmoja anayeuza mandazi Ndosho alituona tunageuka mapema akapaza sauti: "Leo munaenda pole pole, kuko nini?" Hatukuwa na jibu la kumpa barabarani.

Kisha vita vikaja karibu. Siku za mwisho za mwezi huo mapigano kati ya jeshi na M23 yalifika Kibumba, umbali wa kilomita ishirini hivi kaskazini, na watu wenye mizigo wakaanza kushuka kwenda Kanyaruchinya. Hamu ya kutoka nikimbie mpaka akili itulie ilinibana. Nilimpigia Muzee simu nikamwomba ruhusa ya kilomita kumi na tano tu. Akanijibu: "Mama, woga haumo kwenye programu. Lala." Jirani zangu walijaza mabidoni ya maji na kununua unga, nami nikajaza, nikanunua, nikalala.

Baadhi ya wenzetu familia ziliwakataza kuvuka, na hakuna aliyewalaumu. Sisi wengine tulipita mpaka wa Petite Barrière tukiwa na viatu ndani ya mifuko ya plastiki, tukapanda basi la Kigali. Kigali ina kimo kinachokaribia chetu, basi pumzi haikutushtua; milima yake ndiyo ilitutisha. Muda wangu haukumtisha mtu. Lakini nilipofika kilomita ya 30, pale ambapo zamani tulikuwa tunahesabu nguzo za umeme, nilikuwa bado nachagua mwendo mwenyewe, na waliokuwa mbele yangu wakaanza kurudi nyuma mmojammoja. Nilimaliza nikiwa na nguvu ya kutafuta chakula kwa miguu.

Tangu hapo kundi limepungua. Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliangukia tena mikononi mwa M23. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafungwa, na wenzetu wengi wako Bujumbura, Kampala au Kinshasa. Waliobaki wanakimbia mchana kweupe, wanarudi mapema, na wanatoa taarifa wanakokwenda. Muzee hakimbii tena. Anakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka la binti yake na kutukagua tunapopita.

Kilichobadilika zaidi ni daftari la mazoezi, ambalo sasa naliandika mimi. Zamani lilijaa nambari za kupanda tu, mpaka siku ya shindano. Siku hizi vijana wapya wanaliona kama mlima wenye kilele na mteremko, na kila mmoja hukasirikia mteremko, kama sisi tulivyoukasirikia. Wanauliza: kama hatujui kesho barabara itakuwa wazi, kwa nini tuache leo kilomita tunazozipata? Ni swali la watu wa Goma, na nimelijibu mara nyingi kwa maneno ya Muzee. Jibu langu mimi ni hili: mengine yote yanayotusimamisha hapa tunaletewa, mapumziko haya tunayapanga wenyewe. Tarehe za mashindano naziandika kwa penseli, maana zinafutika. Likiahirishwa shindano, tunarudi kupanda, kisha tunashuka upya. Majuma mawili ya mwisho nayaandika kwa wino.