Maneno Yanayovuka Lualaba

Mama wapenzi, juma hili tunawapeleka ng'ambo. Kwetu Kindu neno hilo halihitaji maelezo, maana mto Lualaba umeugawa mji. Magharibi ziko komini za Kasuku na Mikelenge. Mashariki iko Alunguli. Mwenye shamba anaishi upande mmoja, mteja wake upande wa pili, na kinachowakutanisha ni mtumbwi.

Mji wetu umekuwa mahali pa kupitia tangu zamani. Mto una maporomoko upande wa Kongolo, ndiyo maana reli ilijengwa kutoka huko hadi hapa. Kuanzia Kindu maji yanapitika mpaka Ubundu, hivyo mizigo inashuka kwenye gari la moshi na kupanda mashua. Pamoja na mizigo yanapita maneno. Habari ya bei, ya ugonjwa, ya mbegu nzuri, yote hufika gatini kabla ya kufika mahali pengine.

Asubuhi njooni mtazame akina mama wanavyovuka. Kuna vikapu vya sombe, bidoni za mawese, mikungu ya ndizi na mifuko ya muhogo mkavu. Ukishakaa katika mtumbwi huna pa kwenda. Unamsalimu aliye karibu, unamuuliza hali ya nyumbani, naye anakuuliza ya kwako. Akisema mtoto anaharisha, mwenzake anajibu, "Mpe maji yenye chumvi na sukari." Kasia chache tena, mmefika, kila mmoja anajitwika mzigo wake.

Hapo ndipo sisi katika kikundi tunapotaka mtusikilize. Shauri lile ni jema, lakini limevuka nusu. Chumvi kiasi gani? Ikizidi inamdhuru mtoto. Shauri kamili ni hili: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu ya kijiko kidogo, vijiko visawazishwe, na mtoto apelekwe kituo cha afya akiendelea kulegea. Ni maneno machache tu zaidi, na nafasi ya kuyasema ipo kabla mtumbwi haujagusa ukingo.

Mfano mkubwa zaidi umo ndani ya ile mifuko ya muhogo. Muhogo mchungu una sumu, nasi tumefundishwa na mama zetu kuuloweka siku tatu au zaidi, kuuanika, ndipo kuutwanga. Lakini mfanyabiashara akiwa na haraka, au njaa ikiwa imebisha hodi, siku tatu zinageuka moja. Jambo hilo lilitokea magharibi ya nchi yetu, huko Bandundu. Barabara iliporahisisha kupeleka muhogo Kinshasa, wanawake wengi walifupisha kuloweka ili wauze upesi. Ugonjwa wa konzo ukaongezeka. Jina hilo ni la Kiyaka, nalo maana yake ni miguu iliyofungwa. Huwapata hasa watoto na wanawake vijana, pale chakula kinapokuwa muhogo mtupu bila samaki wala maharage. Miguu hupooza ghafla, wala hairudi kuwa kama zamani.

Katika kijiji cha Kay Kalenda, eneo la afya la Popokabaka, walikuwepo wagonjwa 34. Mwaka 2010 akina mama wa kijiji hicho walifundishwa njia ya kulowanisha unga, wakaitumia hadi mwaka uliofuata. Katika muda huo hakutokea mgonjwa mpya hata mmoja, na watu waliipenda fufu ile. Kisha likatokea jambo lililotufurahisha zaidi sisi: vijiji vitatu vya jirani vikaanza kuitumia njia hiyo kwa kusikia tu, mdomo kwa mdomo.

Njia yenyewe ni hii. Weka unga wa muhogo katika beseni, usawazishe bila kuushindilia, utie alama ndani ya beseni pale unga ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Mwanzoni unga utashuka. Endelea mpaka upande tena kufikia alama. Utandaze kwenye mkeka au ungo, unene usizidi sentimeta moja. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini. Maji yanaiwezesha sumu kuachana na unga na kutoka kama hewa. Upike fufu siku ile ile, maana unga uliolowa haulali. Wala njia hii isiwe sababu ya kupunguza siku za kuloweka muhogo. Ni kinga ya nyongeza.

Tunajiuliza kwa nini maneno ya Kay Kalenda yalifika salama katika vijiji vile. Tunaona kwamba yalibebeka. Beseni kila mama analo, alama kila mama anaweza kuitia, saa mbili kila mama anazijua kwa jua. Tena aliyesema alikuwa anafanya mwenyewe kwake, na aliyesikia aliweza kwenda kuonja fufu yake.

Basi mama, juma hili ukivuka kwenda Alunguli, au ukiwa sokoni, au mkikaa kwenye likelemba mkingojea wenzenu, chagua jambo moja unalolifanya nyumbani kwako na limekufaa. Lieleze pamoja na kipimo chake na sababu yake. Kisha mwombe mwenzako akurudilie alivyosikia. Akikosea kipimo, mrekebishe kwa upole, maana na yeye ataenda kumwambia mwingine. Na wewe ukiambiwa jambo, uliza: kiasi gani, muda gani, wewe mwenyewe umelijaribu?

Vikundi vya ng'ambo zote mbili, tuleteeni mashauri mliyoyapata njiani. Tutayasoma pamoja kwenye mkutano.