Zimeni Simu

Tarehe 15 Januari 2019 nilikuwa Nairobi, ofisini kwa jamaa yangu, katika majengo ya 14 Riverside ilipo hoteli ya DusitD2. Baada ya saa tisa alasiri tulisikia mripuko, kisha risasi. Wengi wetu tukakimbilia dirishani.

"Tokeni hapo! Zimeni sauti za simu, hata mtetemo!" Alikuwa karani mmoja, mtu mzima, aliyefiwa na ndugu katika shambulio la Westgate mwaka 2013, walikouawa watu 67. Alitufungisha mlango, tukausukumia kabati, tukazima taa, tukalala chini kwenye pembe ya ukuta wa zege. Simu yangu niliilaza kifudifudi nisionekane kwa mwanga wake. Mama alikuwa akinipigia kutoka kwetu Nungwi, Zanzibar, tena na tena, nami nikimuacha adhani nimekufa.

Askari walitutoa usiku. Tuliambiwa tuinue mikono mitupu na tusiwakimbilie. Watu 21 waliuawa. Zaidi ya 700 tulitolewa salama. Alhamdulillahi.

Sasa nafanya kazi hotelini hapa kwetu, na kila mfanyakazi mpya namzungusha mwenyewe, nikimweleza la kufanya risasi zikilia. Sisi Nungwi tukisikia ukelele tunakimbilia kuliko na ukelele. Usiku ilipozama meli ya Spice Islander, Septemba 2011, wenye vyombo waliingia baharini bila kungoja kuambiwa. Moyo ule naupenda, naogopa usipotee. Lakini risasi haiendewi. Njia ikiwa wazi, kimbia, waite wenzako, wala usingoje begi la mgeni. Ukishapata stara, piga 112. Huna njia, jifungie. Kupambana ni pale tu ambapo hakuna budi, na hapo mpambane pamoja, kwa chochote kilicho mkononi. Anayetaka kusaidia nampa kanga nimfundishe kubonyeza jeraha kwa nguvu bila kuachia, kwani damu haingoji gari la wagonjwa lifike.

Kuna na lile la kabla. Mmoja wa washambuliaji wa Riverside alipanga nyumba Muchatha, Kiambu, na iliripotiwa kuwa siku chache kabla ya shambulio vyombo vya nyumba ile vilitangazwa kuuzwa. Peke yake jambo hilo si kitu. Watu wanahama kila siku. Ndiyo maana nasema: ukiona anayepima milango na kuuliza zamu za walinzi, mwambie sheha au polisi, wao waunganishe na waliyonayo. Kanzu na ndevu si dalili ya kitu, na atakayemshuku mtu kwa hayo tutagombana.

Tabu yetu ni majengo. Baa ni banda la makuti, wazi pande zote, huna pa kujifungia. Karibu yake kuna chumba kimoja tu cha mawe, cha kuwekea mashuka, na kitasa chake kinafungwa kwa nje. Nimeomba komeo la ndani. Fundi ameshapima.