Kuuliza na Kuhukumu

Dhana ni mtumishi mwema wa akili, lakini ni hakimu mbaya. Mtu akiituma kutafuta njia humfaa. Akiikalisha katika kiti cha hukumu humponza yeye na jirani yake. Katika karne ya 19 wataalamu wa Ulaya waliamini kwamba anga lote limejaa kitu chembamba kisichoonekana, kiitwacho etha, ambacho ndicho kilichochukua mwanga kutoka kwenye nyota hata machoni pa watu. Hapana aliyekiona wala aliyekigusa. Kiliaminiwa kwa sababu kilielekea kuwa kweli. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley, huko Marekani, walikitafuta kwa chombo cha vioo wasikipate. Hata hivyo jina lake halikufa. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California, alipokuwa akibuni njia ya kuunganisha kompyuta kwa waya, aliliazima neno lile akaiita njia hiyo Ithaneti. Hivyo kila kadi ya mtandao wa waya hubeba katika jina lake ukumbusho wa jambo lililosadikiwa kabla ya kuulizwa.

Ukumbusho huo ulipata maana mpya katika shule moja ya sekondari wilayani Muleba. Nchi ya Kagera imepakana na Ziwa Viktoria upande wa mashariki, na mvua zake ni nyingi. Mji wa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ngurumo ni sehemu ya maisha ya watu wake. Usiku mmoja wa masika radi ilipiga kwa kishindo juu ya kilima cha shule, umeme ukakatika hata alfajiri. Uliporudi, kompyuta kuu, ambayo nyingine zote zilipata mtandao kwa njia yake, iliwaka vizuri lakini haikuweza kuzungumza na yoyote.

Hukumu haikukawia. Ilisemwa kwamba radi imepita katika waya ikaiunguza kadi. Na kwa kuwa mzee mtunza chumba alikuwa ameagizwa kuchomoa waya wa mtandao kila wingu linapotanda, ilisemwa pia kwamba hakuuchomoa. Mzee alisema aliuchomoa. Hakuwa na shahidi ila giza. Kadi ile ilikuwa imejengwa ndani ya ubao mkuu wa kompyuta, wala haikuweza kubadilishwa peke yake. Basi ikaandikwa kwamba bei ya ubao mpya ikatwe kidogo kidogo katika mshahara wake. Fedha zilimuuma, lakini zilizomuuma zaidi ni funguo. Alikuwa amezishika miaka mingi bila neno, na siku ile alitakiwa kuzirudisha.

Fundi aliitwa kutoka Bukoba. Alipanda gari la asubuhi, akapita Kemondo na Muhutwe kati ya migomba na mibuni, akafika Muleba jua limepanda. Alikuwa kijana aliyeifahamu kompyuta ile, maana ndiye aliyeiweka mwaka uliotangulia. Wenyeji walimpa bisibisi wakimtazamia afungue sanduku. Hakulifungua. Alifungua mstari wa amri, mahali ambapo mtu huandika neno na mashine hujibu kwa neno, pasipo picha wala pambo.

Kompyuta ile iliendeshwa na Linux, mfumo ambao Linus Torvalds wa Finland aliuanzisha mwaka 1991. Kiini cha mfumo huo hakijui lugha ya kila kadi. Kwa kila aina ya kadi huhitaji programu iitwayo kiendeshi. Kazi ya kiendeshi ni kazi ya mkalimani. Mzee asiyejua ila Luhaya akisimamishwa mbele ya hakimu asiyejua ila Kiswahili, kimya chake si ungamo. Yamkini ana mengi ya kusema, ila mkalimani hakufika. Kadi iliyo nzima isiyo na kiendeshi hukaa vivyo hivyo: kwa macho ya watu haina tofauti na kadi iliyoungua.

Swali la kwanza la fundi lilikuwa lspci -k, nalo huita vifaa kama mwalimu aitavyo majina darasani. Kadi iliitika: ilikuwapo, na aina yake ikatajwa. Kadi iliyoungua aghalabu haiitiki. Lakini mstari ambao ungetaja kiendeshi kilicho kazini haukuwapo. Swali la pili, uname -r, lilihusu toleo la kiini; jibu likaonyesha toleo jipya, lililojipakua siku chache kabla ya dhoruba likangoja kompyuta iwashwe upya. Kukatika kwa umeme ndiko kulikoiwasha upya. Swali la tatu lilimpeleka kwenye faili za /etc/modprobe.d, zihifadhizo amri juu ya viendeshi. Humo alikuta mstari mmoja: blacklist r8169. Juu yake palikuwa na tarehe na herufi mbili za jina la mwandishi. Herufi zilikuwa zake.

Mambo yakamfunukia. Mwaka uliotangulia kiendeshi r8169, kijacho na Linux, hakikuelewana vizuri na kadi ile. Yeye alitia kingine, r8168, akakipiga marufuku cha kwanza ili wawili wasigombane. Lakini r8168 kilikuwa kimejengwa kwa kiini cha zamani, na kiini kipya kilipokuja hapakuwa na aliyekijenga tena. Mkalimani mmoja alikuwa amekatazwa kuingia, na mwingine alikuwa ameachwa njiani. Radi haikuunguza kitu.

Marufuku ile huzuia kiendeshi kuingia chenyewe, lakini haizuii kuitwa kwa jina. Fundi aliandika modprobe r8169. Kisha ip link, na kadi ikatokea kwa jina la enp2s0. Aliiinua kwa ip link set enp2s0 up, akaiombea anwani, akatuma ping, na majibu yakarudi moja baada ya jingine. Kiendeshi katika kiini kipya kilikuwa kimekwisha kurekebishwa. Alifuta mstari wa marufuku, akaandika update-initramfs -u ili mabadiliko yashike tangu mwanzo wa kuwaka, akaizima kompyuta na kuiwasha mara mbili. Mara zote mbili mtandao ulikuja.

Hapo kazi ya mkono ilikwisha, ikabaki kazi nyingine. Herufi zile hazikuonwa na mtu ila yeye, na mstari wenyewe umekwisha kufutwa. Angaliweza kusema, "Nimeitengeneza," akasifiwa na kulipwa, na radi isingalimkanusha. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu. Fundi alimtazama, akaomba mkuu wa shule aitwe.

"Mwalimu," alisema, "kadi haikuungua. Radi ilikata umeme, basi. Kosa ni langu la mwaka jana; niliacha katazo humu bila kumwambia mtu yeyote. Mzee hana hatia."

Mkuu wa shule alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba makato yamefutwa. Fundi alikataa ujira wa siku ile. Alimwendea mzee, akainama kidogo kama ilivyo adabu ya vijana wa huko, akasema, "Nisamehe, mzee wangu."

"Nimekusamehe, mwanangu," mzee alijibu. "Lakini hukumu yangu iliandikwa. Na hili nalo liandikwe."

Fundi akaketi tena, akaomba karatasi, akaandika kwa mkono wake jambo lilivyokuwa, akatia jina lake lote badala ya herufi mbili. Karatasi ile iliwekwa katika jalada juu ya ile ya kwanza, na mzee akapewa funguo akaufunga mlango.